AHADI NI DENI, LAKINI TULITOA NINI?

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Garissa



Sisi ni watu wa reli, na reli haijafika Garissa. Kwa hiyo tumekuja kwa basi kwa njia ya Thika na Mwingi kama abiria wengine. Tumeombwa tuseme juu ya mapatano, yaani mkataba, na hasa juu ya jambo moja lililo ndani ya mkataba ambalo wafanya kazi wengi hawalijui mpaka siku ya hasara.

Waswahili husema, ahadi ni deni. Ndugu zetu Wasomali nao wana msemo wa maana hiyo hiyo. Ni maneno mazuri, na mtu muungwana huyafuata. Lakini leo hatuna budi kuwaambia wazi: mbele ya hakimu wa Kenya ahadi peke yake si deni. Hakimu atauliza kwanza, "Na wewe ulitoa nini?" Asiyekuwa na jibu, hata akileta mashahidi kumi, aweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Jinsi tulivyolijua

Sisi hatukulisoma jambo hili kitabuni kwanza. Kabla ya kuingia reli, baadhi yetu tulikuwa vibarua wa mkandarasi mmoja kando ya mto Tana. Tulikuwa watu 14, na kazi yetu ilikuwa kubeba saruji, mchanga na mbao kwa ujira wa siku. Asubuhi moja, katika mwaka wa mafuriko, maji yalianza kupanda kuelekea ghala. Msimamizi akatuamuru tuhamishe mifuko yote ya saruji mpaka mahali pa juu. Tulibeba tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, na hapana hata mfuko mmoja uliolowa.

Mkandarasi alipofika jioni alifurahi sana. Akasema mbele yetu sote, "Vijana, mmeniokoa. Mwisho wa mwezi kila mtu atapata shilingi 3,000 juu ya ujira wake." Tulipiga makofi. Wengine wakaanza kukopa dukani kwa kuzitegemea fedha hizo. Mwenzetu mmoja alichukua mbuzi kwa deni kwa ajili ya akika ya mtoto wake.

Mwisho wa mwezi tulilipwa ujira wa siku, basi. Tulipodai zile nyingine, karani alisema hana habari, na mkandarasi hakuonekana. Tukaenda kwa mtu mmoja ajuaye sheria. Hakutuuliza kama tulikuwa na mashahidi. Alituuliza maswali mawili tu: "Aliahidi kabla hamjabeba, au baada ya kubeba? Na kubeba ilikuwa kazi yenu ya kila siku, au kazi nyingine?" Tukamjibu, baada, na ndiyo kazi yetu ya kila siku. Akatikisa kichwa. Yule mwenzetu alimlipia mbuzi wake kidogo kidogo kwa miezi minne.

Maswali yale mawili ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Badali ni nini?

Mawakili hulitaja jambo hili kwa neno la Kiingereza ambalo mtu wa kawaida akilisikia hufikiri ni habari ya huruma. Si huruma. Sisi tutaliita badali, maana yake kitu kinachotolewa ili kupata kitu kingine. Waliosoma sheria ya Kiislamu wanalijua neno iwadhi, nalo ni karibu na hilo.

Nendeni katika soko la mifugo la hapa Garissa. Mwenye ng'ombe anatoa ng'ombe, mnunuzi anatoa fedha. Dalali anatoa maarifa yake na dhamana ya jina lake, naye anapata ujira wake. Kila mmoja anatoa na kila mmoja anapokea. Sisi wa reli twaona vivyo hivyo dirishani: abiria anatoa nauli, reli inatoa ahadi ya kumfikisha. Mkataba wa kazi nao ni huo huo: mfanya kazi anatoa kazi, tajiri anatoa mshahara.

Wala si lazima badali iwe fedha. Mahakama ya Uingereza ilieleza mwaka 1875 kwamba badali yaweza kuwa faida anayoipata mmoja, au taabu au hasara anayoichukua mwenziwe. Ahadi kwa ahadi nayo ni badali: ukisema "nitaleta ng'ombe kumi Jumatano" nami nikasema "nitakulipa siku hiyo", tumekwisha fungana tangu leo, ijapokuwa hapana aliyetoa kitu mkononi. Hata kujizuia ni badali. Mtu mwenye haki ya kushtaki akikubali kutoshtaki kwa sababu ameahidiwa malipo, ametoa kitu.

Sheria hii ilitoka wapi

Zamani hapa Kenya ilitumika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyoletwa na Waingereza. Tangu mwaka 1961 tunayo Sheria yetu ya Mikataba, ambayo ni Sura ya 23, nayo yasema kwamba mapatano katika Kenya yatafuata sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za majaji. Ndiyo maana mtu wa Garissa akidai fedha zake, wakili aweza kusimama akataja kesi ya baharia wa London wa miaka 200 iliyopita.

Jirani zetu wa Tanganyika walipotunga sheria yao mwaka 1961 walifuata maneno ya ile ya India, na Tanzania Bara inayafuata mpaka leo. Tofauti si ndogo. Sheria ya namna ya India inakubali kuwa badali kitu ambacho mtu amekwisha kukifanya zamani kwa kutakiwa na yule aliyeahidi. Yaani kibarua wa Tanga mwenye shauri kama letu angekuwa na hoja ambayo kibarua wa Garissa hana.

Swali la kwanza: kabla au baada?

Kwa sheria inayotumika Kenya, kitu kilichokwisha kutendeka kabla ya ahadi si badali. Mwaka 1842 katika Uingereza mtu mmoja, Roscorla, alinunua farasi. Biashara ilipokwisha, muuzaji akamwahidi kwamba farasi yule hana tabia mbaya. Kumbe farasi alikuwa mkali. Mahakama ilisema ahadi ile ilikuja baada ya mauzo, na mnunuzi hakutoa kitu kingine kwa ajili yake. Kwa hiyo haikumfunga muuzaji.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa sisi. Saruji ilikwisha kubebwa, ndipo mkandarasi akafungua kinywa. Kwa sheria alikuwa anatoa shukrani, na mtu hashtakiwi kwa kurudisha nyuma shukrani zake.

Kuna mlango mmoja mdogo. Tangu mwaka 1615 mahakama zimekubali kwamba ikiwa mtu ndiye aliyeomba kazi ifanywe, na pande zote zilijua kwamba kazi ya namna ile hulipwa, basi ahadi ya baadaye ni kutaja kiasi tu cha malipo yaliyokuwa yamekwisha kueleweka. Fundi akiitwa usiku kutengeneza pampu ya maji, na bei isitajwe mpaka asubuhi, hakupoteza haki yake. Lakini sisi tuliamriwa kufanya kazi ambayo ujira wake ulikwisha patanwa, na hapo tunaingia katika swali la pili.

Swali la pili: ni kazi yako, au ni kazi nyingine?

Mwaka 1809 baharia mmoja jina lake Stilk alimshtaki nahodha Myrick. Walisafiri kutoka London hadi bahari ya Baltiki kwa mshahara wa pauni 5 kwa mwezi. Walipofika bandari ya Cronstadt, nchi ya Urusi, mabaharia wawili walitoroka. Nahodha hakupata wengine, akawaahidi waliobaki kwamba mishahara ya wale wawili watagawana wao wakirudisha meli nyumbani. Wakairudisha. Nahodha akakataa kulipa. Mahakama ikasema: mabaharia hawa walikwisha kuahidi tangu London kufanya kila wawezalo katika shida za safari, hawakutoa kitu kipya, hawana dai.

Mwaka 1857 ikaja kesi ya baharia Hartley. Meli yao ilikuwa na watu 36, na huko Port Phillip, Australia, watu 17 wakatoroka. Nahodha akawaahidi baadhi ya waliobaki pauni 40 kila mmoja wakikubali kwenda Bombay. Safari hii mahakama iliwapa mabaharia haki. Kwa nini? Kwa sababu watu waliobaki walikuwa wachache mno hata kusafiri kukawa hatari, nao hawakuwa wamefungwa tena kwenda katika hatari ile. Walikuwa huru kukataa. Walipokubali, walitoa kitu kipya.

Ziwekeni kesi hizi mbili pamoja. Taabu ilikuwapo katika zote mbili. Lakini Stilk alitoa kile alichokuwa amekwisha kukiuza, naye Hartley alitoa kile ambacho kilikuwa bado mali yake.

Mwaka 1989 mahakama ya rufani ya Uingereza ililegeza kamba kidogo. Seremala Williams alipatana na kampuni ya Roffey kufanya kazi ya mbao katika nyumba 27 kwa pauni 20,000. Bei ilikuwa ndogo, akaishiwa fedha. Kampuni yenyewe, kwa kuogopa kuchelewa na kutozwa faini, ikamwahidi pauni 10,300 zaidi. Mahakama ikasema kwamba kampuni ilipata faida ya kweli, na kwa kuwa seremala hakuwatisha, ahadi ile ilikuwa na nguvu. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Kenya, lakini wakili aweza kuitaja. Hata hivyo angalieni: Williams aliahidiwa kazi ikiwa bado mbele yake. Hata yeye asingetufaa sisi wa saruji, ambao kazi tulikuwa tumekwisha kuimaliza.

Hakimu hapimi kwa mizani

Kuna jambo jingine ambalo sharti Chama kilielewe sana. Mahakama huuliza kama ulipewa kitu. Haiulizi kama kitu hicho kilitosha. Mwaka 1842 mjane mmoja wa Uingereza aliahidiwa nyumba ya kukaa kwa pauni 1 kwa mwaka pamoja na kuitengeneza. Pauni 1 ilitosha kuufunga mkataba. Mwaka 1959 majaji wakuu wa huko walisema hata karatasi zilizofungia chokoleti, ambazo kampuni ya Nestlé ilizitaka kwa wanunuzi kisha huzitupa, zilikuwa sehemu ya badali.

Maana yake kwetu ni nini? Mfanya kazi akikubali ujira mdogo, sheria ya mikataba haimwokoi kwa udogo wake. Itasema: ulipewa kitu, ukakubali. Kinachomwokoa ni sheria nyingine na nguvu nyingine. Amri za Serikali za mshahara wa chini zinavunja mapatano yaliyo chini yake, na Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba haki zilizomo ndani yake ndizo za chini kabisa. Juu ya hapo, atakayepandisha mizani ni Chama, si hakimu.

Kanuni hii hutukinga pia

Msidhani kanuni ya badali ni adui wa mfanya kazi siku zote. Mwaka 1884 majaji wakuu wa Uingereza waliamua katika kesi ya Foakes na Beer kwamba mwenye deni akilipa sehemu tu, na mdai akikubali kwa maneno kwamba deni limekwisha, bado kilichobaki kinaweza kudaiwa. Sababu ni hiyo hiyo: mwenye deni hakutoa kitu kipya kwa ajili ya kusamehewa.

Basi, tajiri anayedaiwa mshahara wa shilingi 30,000 akikuwekea 20,000 mezani na kusema, "Chukua hizi, tumemalizana," zile 10,000 hazijafa. Lakini jihadharini. Kanuni ya zamani, tangu mwaka 1602, yasema pia kwamba kitu cha namna nyingine, hata farasi au joho, kikipokewa badala ya deni chaweza kulimaliza. Na ukitia sahihi hati isemayo kwamba umepokea kila haki yako na huna dai tena, mahakama zetu huiangalia hati hiyo kwa hali yake, na nyingine zimewafunga waliotia sahihi. Usitie kidole gumba katika karatasi ambayo hujasomewa. Na usilale: dai linalotokana na mkataba wa kazi lina miaka 3 tu, kisha mlango hufungwa.

Kadhi, wazee na mahakama

Watu wa hapa watatuuliza, "Mbona kwa dini yetu kutimiza ahadi ni wajibu?" Ni kweli, wala hatukuja kubishana na dini. Lakini Katiba ya mwaka 2010 imempa Kadhi mashauri ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi kati ya Waislamu wanaokubali kwenda kwake. Dai la mshahara haliendi kwa Kadhi. Linakwenda katika mahakama ya kazi, au kwa hakimu aliyepewa uwezo huo, na huko swali la badali litaulizwa.

Lakini njia ya wazee ipo, na Katiba hiyo hiyo yahimiza mashauri kumalizwa kwa suluhu na kwa desturi, mradi haki za watu zisivunjwe. Mbele ya wazee wa maslaha ahadi yaweza kuwa deni hata kama haikununuliwa, kwa sababu wao hutazama heshima ya mtu na amani ya mji. Laiti sisi tungalimwita mkandarasi wetu mbele ya wazee, huenda yule mwenzetu angalilipiwa mbuzi wake. Tulikuwa wageni wa jambo, tukajua njia moja tu, nayo ilikuwa imefungwa.

Mapatano ya Chama

Sasa tutazame ahadi iliyo kubwa kuliko zote, yaani mapatano kati ya Chama na tajiri. Badali yake inaonekana: tajiri anatoa mshahara na masharti mema, Chama kinatoa utulivu wa kazi kwa muda wa mapatano. Katika Uingereza mapatano ya namna hii kwa kawaida hayashtakiwi mahakamani. Kenya ni mbali na hapo. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mapatano hayo yafunga pande zote mbili, na masharti yake huingia katika mkataba wa kila mfanya kazi anayehusika. Lakini kuna sharti: yaandikwe, kisha yasajiliwe mahakamani. Bila ya kusajiliwa hayatekelezwi.

Waulizeni madaktari. Chama chao kilitia sahihi mapatano na wizara mwezi wa Juni 2013. Hayakusajiliwa. Miaka ilipita, wakaambiwa kwamba karatasi yao haina nguvu. Waligoma tangu tarehe 5 Desemba 2016 mpaka tarehe 14 Machi 2017, siku 100, na viongozi wao wakatiwa gerezani Februari 2017 kabla ya kufunguliwa na mahakama ya rufani. Wagonjwa waliumia nchi nzima, na huku kwetu, ambako madaktari ni wachache hata siku za kawaida, waliumia zaidi. Ikiwa watu wasomi namna ile walishikwa na jambo la kusajili, sisi tusijione werevu.

Tufanye nini?

Tumalize kwa mambo machache ya kushika.

Kwanza, ahadi ya fedha za ziada iombwe kabla ya kazi, si baada. Kazi ikiwa mbele, bado una kitu cha kutoa.

Pili, uliza kama kazi hiyo imo katika mkataba wako. Kama haimo, sema hivyo kwa adabu, na utaje malipo yake. Kama imo, usitumie shida ya mtu kumshika koo, maana ahadi iliyotolewa kwa kutishwa haina nguvu. Peleka jambo kwa mwakilishi wa Chama.

Tatu, iandikwe. Mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi sharti uandikwe, na kuuandika ni kazi ya tajiri. Asipouleta mahakamani, ni juu yake kukanusha sharti unalolidai. Na akitaka kukubadilishia masharti, yampasa kushauriana nawe na kukuarifu kwa maandishi.

Nne, mtu akitaka kweli kukupa kitu bila ya kutoa kitu wewe, kuna njia: aandike hati rasmi ya kisheria, iliyotiwa sahihi na kushuhudiwa kama inavyotakiwa. Hati ya namna hiyo haihitaji badali. Anayekataa kuiandika amekwisha kukuonyesha uzito wa ahadi yake.

Tano, mapatano ya Chama yasajiliwe, na kila tawi lipewe nakala yake.

Ndugu zetu, hatujasema kwamba watu wasiaminiane. Soko la mifugo la Garissa lingefungwa siku moja kama watu wasingeaminiana. Twasema tu kwamba mfanya kazi ana kitu kimoja cha kuuza, nacho ni kazi yake, na akikwisha kukitoa hana tena cha kubadilishana. Siku ile ya saruji tulikuwa watu 14 wenye nguvu, na maji yalikuwa yakipanda. Kama mmoja wetu angalikuwa na elimu hii, angalimwuliza msimamizi kabla ya mfuko wa kwanza, "Bwana, kazi hii ya leo ni ya ujira ule ule, au kuna mapatano mengine?" Pengine angalijibu kwamba ni ule ule, na tungalibeba, kwani ndiyo ilikuwa kazi yetu. Lakini hapana mtu ambaye angalikopa mbuzi.

Mwenye swali na asimame.